Ndala si Waya wa Athi

Mwenye nyumba wetu, Mzee Magesa, alipanda ngazi za darini akihema, akanikabidhi mfuko. Nikaufungua. Ndani mlikuwa na ndala za mtoto, plastiki, rangi ya waridi, zina kipepeo juu ya kamba.

Mwanangu Neema, mwenye miaka minne, alikuwa mapajani mwangu bado ana kwikwi. Asubuhi ile alikuwa ameshika bomba la bafuni kwa mkono wenye maji, na umeme ukamtupa mpaka kwenye mlango.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana kwetu hata ukitaka kumng'oa mtu meno unaanza na shikamoo. "Ndala za nini?"

"Marahaba, Mama Neema. Za kuogea. Wewe unazo, mumeo anazo, wale mabinti wa chuo wanazo. Mtoto peke yake ndiye alikuwa hana, ndiyo maana akashikwa. Saizi yake kabisa, nilikadiria kwa macho."

Na akasimama pale akingoja asante.

Nilimweka mtoto chini. Nikachukua bisibisi kwenye begi langu la kazi ambalo lilikuwa halijafunguliwa tangu nijifungue, nikashuka hadi kwenye boksi la umeme, nikazima swichi kuu, nikaing'oa breka ya bafu, nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu.

"Huo ni wizi!" Mzee Magesa akapiga kelele kutoka ngazini.

"Ita polisi. Waambie waje wamevaa ndala."

Wadogo zangu mnaoshika spana kwa mara ya kwanza, ninyi ndio ninaowaandikia. Mzee Magesa simwandikii, ameshasikia. Mimi nimefanya ufundi bomba tangu nilipomaliza kidato cha nne hadi mimba ya pili iliponishusha kwenye ngazi. Nikisema nimestaafu, watu wananitazama kichwani wanatafuta mvi. Watafute. Mtu aliyelala chali chini ya masinki ya watu miaka yote ile, mende wakimpita shingoni, ana haki ya kustaafu hata kama bado ananyonyesha.

Aliyenifundisha ni Mzee Sudi, mtu wa mjini hapa hapa Mwanza, mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi. Msimfikirie kama wale wazee wa kwenye vitabu vya shule. Alikuwa mvivu na mtani, na spana alikuwa anaitukana kama mtu anayemsema shemeji yake. Kazi zote za kupanda juu zilikuwa zangu, yeye anabaki chini na kikombe cha kahawa, anatoa maelekezo. Enzi zake bomba lilikuwa la chuma: unakata meno kwa mkono, unazungushia katani, unapaka rangi, unakaza mpaka mishipa ya shingo inasimama. Leo mnachomelea plastiki kwa kidude kama pasi, mnamaliza kabla chai haijapoa, mnapiga picha mnaweka kwenye status. Sina ugomvi. Ila maji hayasomi status.

Kitu kimoja alinifundisha ambacho hakijabadilika. Mteja anayetaka bafu kwenye chumba cha darini atakuja na picha ya shawa kwenye simu. Usiitazame. Chukua ndoo ndogo, panda huko juu, fungua bomba, tazama maji yanavyotoka. Maji yakitoka kama mate ya mtu mwenye homa, hiyo picha haina maana yoyote, hata kama ina taa.

Kulikuwa na bwana mmoja Nyakato, anafanya kazi kiwandani. Alipasua dari, akaweka sakafu ya mbao, akatoboa dirisha kwenye kibla, ule ukuta wa pembetatu unaobeba paa, akapata chumba kizuri cha kijana wake. Shawa akanunua kabla hajatuita. Ilikuwa pana kama sinia la pilau. Mzee Sudi akaizungusha mikononi.

"Tangi lako liko wapi?"

"Pale nje, juu ya mnara."

"Mnara wako unaishia kwenye lenta, pale juu ya madirisha. Shawa yako iko juu ya lenta. Sasa, kijana wangu, maji yatapandaje? Yatabebwa?"

"Si kuna presha?"

"Presha ni kimo. Tangi likiwa chini ya kichwa chako, utaoga magoti."

Bwana yule alikasirika, akatwambia tufunge tu, kazi ya kufikiri si yetu. Tukafunga. Siku ya kufungua, familia nzima ilipanda kuangalia. Sinia lile lilitoa matone, moja moja, kila tundu kwa zamu yake. Mke wake akasema, "Baba Denis, umenunua mvua ya manyunyu." Mpaka leo kijana yule anaogea ndoo chini ya shawa ghali kuliko kitanda chake.

Mzee Sudi naye alikuwa na kichwa chake kigumu. Sola ya kuchemsha maji alikuwa haitaki. Alisema kitu kisicho na moto hakiwezi kuchemsha, basi. Nyumba moja ya wageni Kisesa ikamshinda, tajiri akasema ni sola au hakuna kazi. Tukaifunga, lakini kwa ubishi wake akaliweka lile pipa la sola juu kabisa ya bati, tangi la maji baridi likabaki chini yake. Maji baridi hayawezi kupanda kuingia kwenye sola, kwa hiyo sola ilikaa tupu juani mchana kutwa inajikaanga. Jioni mgeni wa kwanza alifungua bomba, likapiga mluzi. Hakukutoka tone. Mzee Sudi akanigeukia, mkavu kabisa: "Unaona? Nilisema haifanyi kazi."

Ilibidi tuinue tangi. Baada ya hapo maji yalikuwa ya moto kiasi kwamba wageni walianza kulalamikia hilo. Yeye hakukubali hadi alipostaafu, lakini nikaja kusikia kwamba nyumbani kwake ameweka moja. Nilipomuuliza akasema ni ya mke wake.

Sasa mlima. Hapa kwetu nusu ya mji imepanda kwenye mawe. Mtu anayejenga sehemu tambarare atalia mnara wa tangi, atanunua vyuma, atajenga nguzo. Mlimani mnara umewekwa na Mungu. Lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba yako, linalozidi paa lako kwa kimo, ndilo mnara. Sawazisha juu yake kwa zege kidogo, kalisha tangi, shusha bomba. Chumba cha darini kinapata maji ya kutosha bila pampu, na sola inakaa kwenye bati chini ya tangi, kila kitu kinashuka chenyewe. Hakuna mashine wala bili. Nimefunga hivyo nyumba nyingi, na hakuna aliyenipigia simu kulalamika, isipokuwa mama mmoja aliyesema mbuzi wake wamehamia kivulini mwa tangi.

Mzee Magesa ana jiwe kama hilo. Liko nyuma ya nyumba pale Nyegezi, kubwa, zuri, limezidi kofia ya paa. Mimi nilipohamia pale na mume wangu na Neema, nikiwa na tumbo la miezi saba, kitu cha kwanza nilichokitazama ni lile jiwe. Tulikodi chumba kimoja cha darini na sebule yake. Cha pili walikodi mabinti wawili wa chuo, Koku na mwenzake, watoto wa Bukoba, wasafi, wanasali, wana kelele. Bafu ni moja la wote. Na bafuni kulikuwa na shawa ya umeme yenye taa: maji yakiwa baridi inawaka bluu, yakiwa moto inawaka nyekundu. Mzee Magesa, ambaye biashara yake ni dagaa na samaki, alituonyesha ile shawa kabla hajatuonyesha choo.

Ilikaa bluu. Kila siku bluu. Msishangae. Ndani ya shawa ya namna ile kuna mpira unaosukumwa na maji. Maji yasipokuwa na nguvu mpira haunyanyuki, na usiponyanyuka koili, ule waya unaochemsha, haiwaki. Tangi lake lilikuwa kwenye mnara uliozidi shawa yetu kwa shubiri tu.

Mimi ningevumilia maji baridi. Lakini nilijifungua. Mama mkwe wangu akaja kutoka Ukerewe kunikanda, na mnajua kukanda: maji ya moto, taulo, mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote, na kelele zako ni zako. Mwezi mzima mama yule alichemsha maji jikoni chini na kupanda na ndoo kwenye zile ngazi zilizosimama kama za kupandia mnazi. Siku moja aliteleza, nusu ya maji yakamwagika mguuni kwake. Alirudi chini kuchemsha mengine.

Nikamfuata Mzee Magesa. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia weka tangi kwenye jiwe na sola kwenye bati, mimi mwenyewe nitasimamia, sitaki hata chai.

"Pale juu ya jiwe pamejaa," akasema.

"Pamejaa nini? Hapana kitu."

"Jina."

Kweli. Alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, KWA MAGESA MUNGU NI MWEMA, ili watu wa barabarani wasome. Tangi lingekaa juu ya jiwe na bomba lingeshuka katikati ya MUNGU. Akaniambia haiwezekani.

Badala yake akanunua pampu. Hakuniuliza. Pampu ikasukuma, mpira ukanyanyuka, taa ikawaka nyekundu, mabinti wakashangilia. Mzee Magesa akasimama uani akisikiliza vile vigelegele kama bwana harusi.

Siku hiyo hiyo Koku alitoka bafuni anacheka. "Dada, maji ya leo yanatekenya!"

"Yanatekenya vipi?"

"Ukishika bomba, vidole vinasisimka. Utamu fulani hivi."

Nikapeleka nyuma ya mkono wangu kwenye lile bomba. Haukuwa utamu. Nikawaambia wote, hakuna kuoga humu. Nikazima breka. Nikarudi jioni, imewashwa. Nikazima. Ikawashwa. Mzee Magesa akatangaza suluhisho: kila mtu avae ndala. Na msicheke, kwa sababu nusu ya mji huu inaoga hivyo. Ukienda nyumba za watu utakuta jozi mlangoni pa bafu, zimekakamaa kwa sabuni, na mwenyeji anakwambia "vaa hizo, bafu letu lina mambo yake", kama vile anazungumzia mbwa mwenye hasira. Mtu anarithi nyumba, anarithi na zile ndala.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nyie mtauana. Shawa ya umeme iko kati ya mafundi wawili. Fundi bomba anasema hiyo ni ya umeme. Fundi umeme anasema hiyo ni ya bomba. Koili yake iko uchi ndani ya maji yenyewe, na kinachomwokoa mtu ni waya mmoja, ule wa kijani na njano, unaoitwa athi. Kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa chini, badala ya kuupitisha kwa mtoto. Waya ukiwepo lakini fimbo isiwe imefika kwenye udongo wenye unyevu, una pambo. Kwa hiyo wewe wa bomba, kabla hujakaza nati ya shawa, uliza fimbo iko wapi. Mwambie akuonyeshe. Akisema "ipo", mwambie hata mbinguni ipo, twende.

Mimi nilichelewa kwenda. Nilikuwa na mtoto mchanga, na kidonda cha uzazi hakijapona. Nilimwachia mume wangu aseme na mzee, na mume wangu ni mtu wa kusema "tutaliangalia". Siku Neema alipotupwa ndipo nilipozunguka nyuma ya nyumba. Nikaiona fimbo, kichwa chake kimejengewa kisanduku kizuri cha saruji kama kaburi la kuku. Nikaishika. Nikaivuta kwa mkono mmoja. Ikatoka.

Ilikuwa na urefu wa mwiko wa ugali. Ncha yake imekatwa kwa msumeno, inang'aa.

Fundi umeme wa Mzee Magesa anaitwa Jumanne, na si mtu mbaya. Nilimpigia, akaja, akaitazama ile fimbo mkononi mwangu kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya zamani.

"Dada, huu mlima ni jiwe. Nilipiga nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Haiingii. Na mzee anataka wapangaji waingie jioni. Ningefanyaje?"

"Ungefukia pale migombani. Maji ya bafu yote yanamwagika pale, udongo mweusi, unyevu mwaka mzima. Unachimba mtaro, unavuta waya mpaka kule, unapiga fimbo nzima."

"Waya wa kufika kule mzee hakununua."

"Na kipande kingine cha fimbo?"

Akaangalia pembeni. Kipande kingine, wadogo zangu, kilikuwa kimeshikilia pazia la sebuleni kwa Mzee Magesa. Nimeliona pazia hilo mara ngapi nikipeleka kodi, nikasema moyoni, huyu mzee ana fimbo nzuri ya pazia.

Hapo ndipo niliporudi juu na kumbeba mwanangu, na hapo ndipo Mzee Magesa alipopanda na mfuko wake wa kipepeo. Mengine nimeshawaambia. Nilidhani breka ikiwa kwenye kanga yangu basi nimemaliza kazi. Sikumaliza. Kesho yake nilitoka kumpeleka mtoto mchanga kliniki, niliporudi nikasikia Koku anaimba bafuni na maji yanamwagika. Nikafungua boksi. Mzee alikuwa amempa Jumanne amri ya kuunganisha nyaya moja kwa moja, bila breka. Sasa hakuna hata cha kuzima.

"Koku! Toka humo!"

"Dada, nina sabuni!"

"Toka na sabuni yako! Usiguse bomba, acha maji yamwagike!"

Alitoka na povu hadi kwenye nyusi, amevaa ndala. Nikazima swichi kuu ya nyumba nzima. Friji la samaki la Mzee Magesa likanyamaza chini, na hilo ndilo lililomtoa ndani haraka.

"Mama Neema, samaki wangu!"

"Samaki wako wameshakufa, mzee. Mimi nashughulika na walio hai."

Nikamwacha mama mkwe amekaa kwenye kigoda mbele ya boksi la umeme, kichanga mapajani, mwiko mkononi. Nikamwambia mtu asiguse. Akasema, "Atakayegusa atanijua mimi ni wa wapi." Nikaenda kwa mtendaji wa mtaa.

Mtendaji ni kijana mpole, anaandika polepole. Alinisikiliza, akaweka kalamu chini.

"Mama, hili si mngekaa mkayamaliza kifamilia? Mzee Magesa ni mtu wa watu. Juzi tu amechangia madawati."

"Mimi si familia yake. Mimi ni mpangaji."

"Lakini haya mambo ya kutekenya ni ya kawaida. Hata kwangu bafuni..." Akaokota kalamu yake tena.

"Hata kwako bafuni nini?"

"Kidogo tu."

"Na unafanyaje?"

Alitazama miguu yake, na mimi nikaitazama. Nikamwomba karatasi. Hiki hapa ndicho nilichoandika, na sikuondoka mezani kwake hadi alipokigonga muhuri.

*

KWA MTENDAJI WA MTAA

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UMEME KATIKA BAFU LA NYUMBA YA BWANA MAGESA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi Leticia, mpangaji wa darini katika nyumba tajwa, fundi bomba mstaafu, namlalamikia mwenye nyumba kwa kuendelea kutumia shawa ya umeme isiyo na athi baada ya kuambiwa, na kwa kuiunganisha bila breka baada ya mtoto wangu kupigwa na umeme. Fimbo ya athi iliyokatwa nimeiambatanisha. Naomba isirudishwe kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba anadai ametatua tatizo kwa kuwapa wapangaji ndala. Ndala humkinga aliyezivaa, akikumbuka kuzivaa, na akiwa hajashika ukuta. Mtoto wa miaka minne hakumbuki hata kuvuta maji chooni.

Ninaomba yafuatayo. Umeme wa bafu hilo ukatwe leo, kabla ya kikao chochote cha kusuluhisha. Tangi lihamishiwe juu ya jiwe, na kama jina litazibwa, liandikwe upya pembeni, mimi nitanunua rangi. Maji ya moto yatoke kwenye sola. Fundi Jumanne asifukuzwe, bali apewe waya wa kutosha kufika migombani na asimamiwe.

Sitaki nihamishiwe chumba cha chini. Nikihama, atapangishwa mwingine mwenye mtoto.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Leticia (Mama Neema)

Nakala:
Bwana Magesa, kwa utekelezaji.
Mamlaka inayotoa leseni kwa mafundi umeme, kwa hatua.
Wapangaji wote wa mtaa huu, kwa taarifa kwamba bomba la maji halitakiwi kutekenya.
Mtendaji wa Mtaa mwenyewe, kwa ajili ya bafu la nyumbani kwake.